Kolaji ya sauti: mzaha na okestra ndani ya albamu ya roki

Kolaji ya sauti ni namna ya kutunga muziki ambayo mtunzi hukusanya vipande vilivyorekodiwa mahali na nyakati mbalimbali, akavikata na kuviunganisha hadi vikawa kazi moja. Neno lenyewe limetoka katika sanaa ya picha, ambako msanii hubandika vipande vya magazeti na vitambaa juu ya karatasi. Kwa upande wa muziki, mtunzi Mfaransa Pierre Schaeffer alionyesha njia mjini Paris mwaka 1948 alipotunga kazi kwa sauti za treni pekee.

Katika roki, mfano ninaouona kuwa bora ni albamu ya *Lumpy Gravy* ya mwanamuziki Mmarekani Frank Zappa. Toleo lake la kwanza lilitolewa na kampuni ya santuri ya Capitol mwaka 1967, lakini kampuni nyingine, MGM, iliyokuwa na mkataba na Zappa, ikapinga. Naye akaikata na kuipanga upya kanda yote, na toleo linalojulikana leo likatoka mwaka 1968. Kwa kuwa mkataba ule ulimfunga kama mpigaji wa ala, Zappa hakupiga chochote katika vikao vya Capitol, bali aliongoza okestra tu. Okestra ninayoisema si bendi ya dansi, ingawa kwetu jina hilo limezoeleka kwa bendi kama Orchestra Maquis. Ni kundi kubwa la fidla, ala za upepo na ngoma, linalosoma noti zilizoandikwa.

Okestra hiyo haikuwekwa hapo ili kuipamba roki. Inapiga muziki mgumu, wenye midundo inayovunjika, unaodhihirisha mapenzi ya Zappa kwa Stravinsky na Varèse, watunzi wa muziki wa okestra wa karne ya ishirini. Msikilizaji anapoanza kuketi sawasawa, kama mtu aliyeingia ukumbi wa heshima, kipande hicho hukatwa ghafla, akasikia kicheko, mkoromo, kanda iliyoendeshwa kasi kupita kiasi, au gitaa jepesi la muziki wa ufukweni. Mzaha wenyewe umo katika kiungo kati ya vipande, kwa sababu kila kipande kikisikilizwa peke yake kinaweza kuwa cha kawaida kabisa. Ndiyo maana hata asiyejua Kiingereza anaweza kucheka, na pengine atacheka kwa wakati uliokusudiwa kuliko yule anayehangaika kufuatilia maneno.

Maneno yenyewe, hata hivyo, yana siri yake ya kiufundi. Katika studio ya Apostolic mjini New York, Zappa aliwataka watu waingize vichwa ndani ya piano kubwa na kuzungumza, huku kanyagio la piano likiwa limekandamizwa kwa mfuko wa mchanga ili nyuzi zibaki huru. Kila neno liliziamsha nyuzi hizo, nazo zikaliitikia kwa mwangwi. Wanazungumza juu ya nguruwe, farasi wadogo na maisha ndani ya ngoma. Mmoja anadai kwamba ulimwengu wote ni noti moja tu, dai ambalo ndani ya piano inayovuma halionekani kuwa la kipuuzi sana.

Kwa hiyo anayeisikiliza albamu hii mara ya kwanza asitafute beti na kiitikio. Santuri ina pande mbili, kila upande ukiwa kipande kimoja cha takribani robo saa, na inafaa kusikilizwa bila kukatiza. Alama za njia ni tuni zinazorudi: mojawapo, ambayo mwaka 1970 ilitolewa ikiwa na maneno kwa jina la *Oh No*, hujitokeza, hupotea, kisha hurejea ikiwa imevaa ala nyingine. Mwishoni kabisa, baada ya gumzo na kelele zote hizo, huja tuni nyepesi ya kuchangamsha, isiyo na maneno, inayopigwa kwa utulivu kiasi kwamba mpaka leo sijaamua kama na yenyewe ni mzaha.