Mtoto wa mbwa ghorofani: anayejifunza choo ni unyayo

Mama mmoja anayeishi ghorofa ya tatu, Upanga, Dar es Salaam, alituletea kwenye kliniki yetu ya wanyama mtoto wa mbwa wa aina ya Maltese, wa miezi minne, akiwa ameshakata shauri kumgawa. Pedi za mkojo ananunua kila wiki, na asubuhi mbwa anazitumia vizuri. Ikifika mchana anakojolea kapeti ya bafuni, mkeka wa mlangoni, na siku moja kanga iliyoanguka kutoka kwenye kamba. "Ana kiburi huyu," alisema. Kumbe wala. Mbwa alikuwa amefaulu somo alilopewa: haja ndogo inaendewa juu ya kitu laini cha kitambaa. Hakuna aliyemwambia kwamba pedi ni kitambaa cha choo na kanga si kitambaa cha choo.

Hili ndilo wafugaji wengi wa fletini hawalijui. Sisi tunafikiria choo kama mahali, ilhali mtoto wa mbwa anakijua kwa kile anachokanyaga na kwa harufu yake. Akiwa na wiki 3 hivi huanza mwenyewe kujikongoja kutoka alipolala ili akajisaidie kando. Kufikia wiki ya 8 au ya 9 unyayo umeshaanza kuchagua. Aliyekulia kwenye nyasi hutafuta nyasi, aliyekulia kwenye saruji hutafuta saruji. Aliyewekwa siku nyingi kwenye kizimba cha waya kando ya barabara akisubiri mnunuzi, akilala juu ya kinyesi chake, amezoea kwamba pa kulala na pa choo ni pamoja, na huyo atakuchosha kweli. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, omba uone mama yake na pale wanapolala. Aliye chini ya wiki 8 usimchukue, hata ukipunguziwa bei.

Mbwa wadogo, yaani Chihuahua, Maltese, Shih Tzu, Yorkshire Terrier na wenzao, wana sifa mbaya katika jambo hili. Sehemu ya sababu ni maumbile: kibofu ni kidogo, kinajaa upesi. Lakini kuna jambo jingine ambalo huliona ukilala kifudifudi sakafuni ukaangalia sebule kwa kimo chake. Kwa mnyama ambaye hata akikua ni wa kilo chache tu, sebule ya kawaida ni kama uwanja wa mpira. Kona ya nyuma ya kochi iko mbali na kitanda chake, na akienda kujisaidia huko kwa hesabu zake ametoka nje. Tena kidimbwi chake ni kadiri ya kijiko kimoja cha chai, hukauka bila mtu kukiona, harufu ikabaki kumwita kesho. Ndiyo maana wiki za kwanza tunashauri asiachiwe nyumba nzima. Mpe sehemu moja, tuseme pembe ya jiko au varanda iliyozibwa nafasi za vyuma asije akapenya, na sebuleni aingie tu akiwa na mtu anayemtazama.

Choo chenyewe, kama una varanda, kiwe cha ukoka. Nunua vipande viwili vya ukoka kwa wauza miche wa barabarani, vipange kwenye trei ya plastiki yenye ukingo mfupi ambao mguu wake utauvuka. Mwagia maji kila jioni ili harufu isikolee, na badilisha ukoka unapoanza kuwa wa manjano. Asiye na varanda atumie trei yenye mchanga. Pedi si haramu, ila ukiamua kuzitumia basi ondoa vitambaa vyote sakafuni mpaka mbwa akomae, mswala ukiwa wa kwanza.

Sasa ratiba. Kipimo cha haraka tunachokitumia ni umri wake kwa miezi, ongeza moja: wa miezi miwili hawezi kubana zaidi ya saa 3, na mchana akiwa anacheza usimngojee hata afike hapo, mpeleke kila saa moja na nusu au mbili. Zaidi ya hapo kuna nyakati ambazo hazikosi: mara anapoamka, akimaliza kucheza, na kati ya dakika 5 na 30 baada ya kula, kwa kuwa chakula kikiingia tumboni utumbo nao unaamka. Usiku mlaze kwenye kiboksi karibu na kitanda chako. Akilia, mbebe kimya mpaka kwenye trei, mrudishe kimya, bila taa kubwa wala mazungumzo.

Ukiwauliza wateja wetu mchana nani yuko nyumbani na mbwa, jibu mara nyingi ni dada wa kazi. Ukiwauliza kama dada alishauriwa kabla mbwa hajaletwa, wanacheka. Huyu mtu ana watoto wa kuwapokea shuleni, chakula jikoni na nguo kwenye beseni, halafu anaongezewa mnyama anayehitaji kubebwa mara saba kabla ya jioni. Na kama anamwogopa mbwa, au anaona mate yake yatamharibia udhu, hilo ni jambo la kuzungumzwa naye kwa heshima mapema, si la kumgundulia baadaye. Kwa yule mama wa Upanga, kilichobadilisha mambo zaidi ya ukoka ni karatasi iliyobandikwa kwenye friji, kila anayempeleka mbwa anaandika saa na kama amefanya au hakufanya. Baada ya siku nne karatasi ilionyesha wazi kwamba ajali zote zilitokea kati ya saa 6 na saa 8 mchana, wakati dada anapika na kupakua. Wakasogeza chakula cha mbwa cha mchana mpaka saa 8, na wakati wa mapishi akawa anakaa varandani na trei yake.

Kumtambua anayetaka kwenda si kazi ngumu. Anaacha mchezo ghafla, pua inashuka sakafuni, anazunguka duara dogo. Mnyanyue hapohapo, umweke kwenye ukoka, kisha simama tuli na unyamaze, maana ukimsemesha anasahau alichokuja kufanya. Akichuchumaa mwache amalize. Akimaliza tu, kabla hajatoka kwenye trei, mpe kipande cha dagaa mkavu asiye na chumvi au nyama ya kuku iliyochemshwa, kadiri ya punje ya mahindi. Ukienda jikoni kuitafuta ukarudi baada ya nusu dakika, umemlipa kwa kukufuata jikoni. Iwe mfukoni tayari.

Kumsugua pua kwenye mkojo au kumchapa kwa ndala hakufundishi choo. Kunamfundisha kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, naye ataanza kukojoa uvunguni.

Unaposafisha, kausha kwanza kwa karatasi, ndipo uoshe kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzymes) na maji ya vuguvugu, ukikazania maungio ya vigae ambako mkojo hujificha. Jiki usiimwage juu ya mkojo mbichi: vikikutana hutoa mvuke unaowasha macho na kifua, na yeye pua yake iko sentimita chache tu kutoka sakafuni. Siki husaidia kwenye vigae, lakini fleti nyingi za zamani zina sakafu ya teraso, ile ya saruji yenye vipande vya mawe iliyong'arishwa, na siki huila teraso ikapoteza mng'ao.

Wapo wanaomnyima maji ili asikojoe. Kwa joto la Dar es Salaam huko ni kumtesa. Na chakula agawiwe mara nne kwa siku mpaka miezi mitatu, kwa sababu hawa wadogo sukari yao hushuka haraka wakikaa na njaa. Ukimwona anatetemeka, anayumba na kulegea, mpake asali kidogo kwenye fizi na umlete upesi.

Kushuka chini ya jengo kungoje chanjo. Kirusi cha parvo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa, huweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, na mfululizo wa chanjo zake humalizika akiwa na wiki 16 hivi; ile ya kichaa cha mbwa huanzia miezi mitatu. Kabla ya hapo mshushe akiwa mikononi tu, ili azoee bajaji, watoto na mlinzi wa getini. Siku ya kumweka chini ikifika, chukua kipande cha ukoka wake kilichotumika ukakiweke kwenye nyasi za nje, aikute harufu yake. Na kwenye lifti mbebe, akiachwa atembee lifti itakuwa choo. Kinyesi kiokotwe siku hiyohiyo. Mayai ya minyoo kwenye kinyesi kibichi bado hayajaweza kumwambukiza mtu. Yakikaa udongoni siku au wiki kadhaa huweza, na wanaocheza pale peku ni watoto. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, gazeti la jana na kikoleo kidogo vinatosha.

Wengi hutulia wakiwa na miezi 6, wengine huchukua mwaka. Lakini aliyekwisha kuelewa kisha akaanza tena kukojoa ovyo, matone matone, au yenye damu, huyo haadhibiwi, analetwa kupimwa. Kinga mkojo wa asubuhi kwa upawa, ukiusogeza taratibu chini yake anapochuchumaa, umimine kwenye kichupa safi na utufikishie ndani ya saa 2. Ukijua utachelewa, kiweke kwenye friji ndani ya kopo lenye mfuniko, na uandike juu yake ni kitu gani. Upawa ule usirudi jikoni.