Maana ya lengo la maisha linaloleta utoshelevu wa kudumu

Lengo la maisha ni jambo ambalo mtu ameamua kulifuata kwa miaka mingi, na ambalo kwa ajili yake yuko tayari kupanga siku zake, fedha zake na nguvu zake. Utoshelevu wa kudumu ni hali ya mtu kuyaona maisha yake kuwa yana thamani na kwamba anayaishi yeye mwenyewe, hali ambayo haiondoki hata katika siku isiyo na jambo lolote la kufurahisha. Mara nyingi mambo haya mawili huunganishwa kwa haraka, kana kwamba kila anayefikia lengo lake lazima aridhike. Sivyo ilivyo, kwa kuwa yapo malengo yanayotimia kikamilifu na kumwacha mwenyewe pale pale alipokuwa.

Katika semina nyingi watu hufundishwa kwamba lengo liwe mahususi, lipimike na liwe na tarehe ya mwisho. Ushauri huo una msingi, kwani wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham, katika nadharia waliyoichapisha mwaka 1990, walionyesha kwamba mtu aliyepewa lengo mahususi na gumu hufanya kazi vizuri kuliko aliyeambiwa tu ajitahidi awezavyo. Hata hivyo, walichokuwa wakikipima hasa ni utendaji. Lengo linaweza kuwa na kila kipimo na bado lisimfae anayelifuata. Sisi wa Dodoma tunao mfano wa kihistoria wilayani Kongwa, ambako mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga, uliokuwa na hesabu za ekari, za tani na za mitambo, lakini ukawekwa bila kuijua vya kutosha ardhi inayokauka na kuwa ngumu wakati wa kiangazi, wala mvua zisizotabirika za ukanda huu. Mwaka 1951 mpango huo ulikuwa umekwisha kuachwa. Mtu binafsi naye huweza kujipangia kwa umakini mkubwa lengo ambalo halikutokana na hali yake wala na anachokithamini.

Ni nini basi kinachotofautisha lengo linaloridhisha na lisiloridhisha? Jibu ninaloliona kuwa na uzito zaidi limetoka kwa wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, wanaoeleza kwamba binadamu ana mahitaji matatu ya nafsi: kujiamulia mambo yake, kujiona anaweza na anaendelea kuweza zaidi, na kuwa na watu anaowajali na wanaomjali. Lengo hudumu kuridhisha kadiri linavyoyalisha mahitaji hayo wakati mtu angali njiani. Kwa msingi huo, Ryan na Tim Kasser waliyatenga malengo ya nje, yaani utajiri, umaarufu na kupendeza machoni pa watu, na malengo ya ndani, ambayo ni kukua kama mtu, kuwa na uhusiano wa karibu na kuifaa jamii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliowafuatilia wahitimu wa vyuo nchini Marekani, uliona kwamba waliofikia malengo ya ndani walikuwa na hali bora ya nafsi, ilhali kuyafikia malengo ya nje hakukuongeza ubora huo.

Hapo msomaji anaweza kuuliza, tena kwa haki, kama fedha basi haina maana. Ina maana kubwa, na anayelala bila kujua kesho watoto watakula nini hapaswi kuhubiriwa kuhusu malengo ya ndani. Lakini tuwatazame watumishi wawili wa umma waliohamia Dodoma, ambao wote wanafanya kazi Mtumba, ulipo mji wa serikali, na wote wamenunua viwanja Iyumbu. Mmoja anajenga kwa sababu wenzake wa ofisini wameshajenga, na kila wanapozungumzia nyumba zao huona aibu. Anakopa ili ghorofa lake lizidi la jirani, na siku ya kuhamia ataanza kutazama magari ya wengine. Mwingine anajenga ili mama yake mzee aondoke kijijini akae karibu na hospitali, na ili wadogo zake wanaosoma wapate mahali pa kufikia. Kiwanja ni kile kile na tofali ni lile lile. Kinachotofautiana ni sababu, na sababu hiyo ndiyo inayoamua kama miaka ya kujinyima itakuwa ya adha tupu au itakuwa yenyewe sehemu ya maisha mema.

Kwa hiyo, anayetaka kuweka lengo la namna hii aanze na maswali yanayotangulia tarehe na kiasi. Je, ningelifuata jambo hili hata kama hakuna mtu ambaye angejua? Kazi ya kila siku inayotakiwa na lengo hili, naweza kuipenda au angalau kuiheshimu? Ni nani mwingine atakayenufaika? Swali la pili ndilo linalosahauliwa mno, ingawa mtu huishi ndani ya kazi hiyo kwa muda mrefu kuliko atakavyoishi katika furaha ya kumaliza. Baada ya hapo vipimo vya semina vinafaa sana, kwa kuwa nia njema isiyo na siku wala saa huahirishwa mwaka hadi mwaka.

Dhana hii inabeba pia uwezo wa kuacha. Mwanafunzi anayesoma fani aliyochaguliwa na baba yake mdogo, akagundua katika mwaka wa pili kwamba moyo wake uko kwenye ualimu, anapaswa kuruhusiwa kulitazama upya lengo lake bila kuitwa mtu asiye na msimamo. Utafiti kuhusu malengo yasiyofikika umeonyesha kwamba wanaoweza kuyaachilia na kushika mengine yenye maana kwao huwa na nafuu kuliko wanaoyang’ang’ania. Kuacha huko si sawa na kukata tamaa, mradi mtu anajua anaelekea wapi na kwa nini.