Koleo la laparoskopia linahisi, ila ujumbe wake hufika umeharibika

Nimechoka kusikia, tena kutoka kwa wanaojifunza upasuaji wa matundu madogo, kwamba mkono hauhisi chochote na kazi yote ni ya macho. Anayeamini hivyo huvuta utumbo mpaka uchanike, kisha husema koleo halikumwambia. Lilimwambia, ila ujumbe uliharibika njiani, na sababu zake zinajulikana.

Kubwa kuliko zote ni egemeo. Trokari, yaani mrija unaopitisha chombo tumboni, pamoja na ukuta wa tumbo hukifanya chombo kuwa wenzo. Chukua chombo cha sentimita 36. Zikiwa 24 ndani na 12 nje, nguvu ya pembeni iliyopo nchani hufika mkononi maradufu. Zikiwa 12 ndani na 24 nje, hufika nusu. Ini ni lile lile na mvuto ni ule ule, lakini mkono unapokea habari mbili zinazopishana mara nne! Hatari iko kwenye hali ya pili: unadhani tishu ni laini, kumbe inabeba mara mbili ya unachohisi. Na uwiano huo hubadilika kila unapoingiza au kurudisha chombo, kwa hiyo hakuna kipimo cha kukariri. Panga matundu kwa kuangalia kiungo unachokiendea, ili wakati wa kazi nzito walau nusu ya chombo iwe ndani.

Kuvuta na kusukuma kwa kunyooka hakupiti kwenye wenzo. Huko msumbufu ni msuguano wa mpira wa trokari, ambao hugeuka upande kila mkono unapogeuka. Lowesha chombo kwa maji ya chumvi. Kabla ya kushika tishu, kipeleke ndani na nje kikiwa kitupu, ufumbe taya zake hewani. Nguvu utakayoihisi hapo si ya mgonjwa, iondoe kwenye hesabu. Trokari iliyochomwa kwa mwelekeo mbaya kwenye ukuta mnene wa mafuta itashindana nawe muda wote, basi ielekeze kwenye kiungo tangu mwanzo.

Kubana nako kuna hila yake: kwa mkamuo ule ule, tishu iliyo karibu na bawaba ya taya hubanwa zaidi ya iliyo nchani. Ndiyo maana sipendi kabisa kufunga meno ya mpini, yale yanayoziacha taya zimebana zenyewe, nikiwa nimeshika utumbo.

Wanaonipinga hutaja roboti za upasuaji, kwamba zilifanya kazi miaka mingi bila mguso. Ni kweli, roboti ya da Vinci iliruhusiwa Marekani mwaka 2000, na vyombo vya kurudisha nguvu mkononi vilikuja na da Vinci 5, mwaka 2024. Katikati hapo watu walifunga uzi kwa kutazama tishu inavyopauka. Nakiri kwamba sehemu ya ninachokiita mguso huenda ni jicho, na sioni namna ya kuvitenganisha mtu akiwa kazini. Lakini kwenye laparoskopia mkono unapokea habari potofu, utake usitake, na unazifuata.

Mkao, kwa kifupi: shusha meza mpaka mipini ilingane na viwiko, viwiko vikunjwe nyuzi 90 hadi 120, skrini iwe mbele yako na chini kidogo ya macho, na vyombo viwili vikutane kwa takriban nyuzi 60. Kidole gumba kisizame kwenye pete ya mpini. Ingiza ncha tu. Pete hukandamiza neva ya pembeni, gumba hufa ganzi, na hapo hata ule mguso kidogo uliobaki unaupoteza.