Mvua ya kutwa kwenye njia ya Machu Picchu: dhana potofu zinazowaponza watu wa Mwanza

Mtu aliyekulia Mwanza anaijua mvua. Anaijua ile inayotoka ziwani alfajiri kwa radi na upepo, inapiga mabati saa nzima, kisha jua linawaka na nguo zinaanikwa. Mazoea hayo hayo ndiyo yanayomponza akienda Peru kutembea Njia ya Inka, kilomita 42 hivi kwa siku 4 hadi magofu ya Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka mlimani. Kule mvua hutawala kuanzia Novemba hadi Machi, na Februari yote njia hufungwa.

“Mvua nimeizoea, haitanisumbua”

Umezoea mvua ya joto. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na Warmiwañusqa, mahali pa juu kabisa pa njia hiyo, ni mita 4,215. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Toa nyuzi 18 kwenye asubuhi ya Mwanza, ongeza upepo na manyunyu yasiyokatika tangu chai hadi jioni, ndipo uifikirie fulana iliyolowa mwilini.

Baridi ya hatari huanzia vidoleni. Mwambie mwenzako afunge zipu ya koti lake. Akishindwa, akawa anajikwaa au maneno yanamlemea, simameni hapo hapo. Mtafutieni kinga ya upepo, mvueni nguo zote mbichi, mvisheni kavu pamoja na kofia, na mlazeni juu ya kitu, si ardhini patupu. Kama anameza vizuri, apewe kinywaji cha moto chenye sukari nyingi. Msimsugue mikono wala miguu. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi na amezubaa, msidhani amepata nafuu: hali imezidi, anahitaji kuteremshwa na kupata tabibu.

“Pombe kali kidogo hupasha mwili”

Hapana. Hupanua mishipa ya damu chini ya ngozi, ukahisi joto wakati ndiyo kwanza linakutoka. Chai ya tangawizi inatosha.

“Koti zuri litaniacha mkavu”

Kwa saa sita za mvua, hakuna koti linaloahidi hivyo. Koti zito la mpira wanalovaa bodaboda huzuia mvua kweli, lakini vaa ukapande mlima Igogo au Mabatini kwa dakika 20, kisha ingiza mkono kifuani: umelowa jasho. Lengo basi ni kubaki na joto hata ukiwa umelowa. Ukianza kupanda, vua sweta kabla hujatoka jasho, fungua zipu ya koti, punguza mwendo. Ukisimama kupumzika, fanya kinyume chake mara moja, kabla baridi haijakuingia.

Kitambaa nacho kina kazi yake. Pamba hunyonya maji, hukaa nayo, na hukauka polepole sana. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote. Sufu au polista yenye manyoya huhifadhi joto hata ikiwa mbichi, na mitumba ya Mlango Mmoja inazo nyingi kwa bei ya kawaida. Soma lebo ya ndani ya shingo. Ukikuta ni pamba, irudishe.

“Kifuniko cha begi kinatosha”

Maji hayapiti kwenye kifuniko, hupita mgongoni, kati ya begi na koti lako. Kinga ya kweli ni mfuko mzito wa nailoni *ndani* ya begi. Ule wa ndani wa magunia ya kuhifadhia mahindi yasiyopitisha hewa unafaa sana. Weka nguo na blanketi la kulalia, toa hewa, sokota mdomo, ukunje, ufunge kwa kamba. Pasipoti iwe na mfuko wake peke yake, maana hukaguliwa kwenye lango la kuingilia njia.

Humo ndani iwemo seti moja isiyoguswa: soksi, suruali na sweta za kulalia tu. Kesho yake asubuhi unavaa tena zile mbichi za jana. Inauma, tunakiri, lakini anayevaa kavu saa kumi na mbili asubuhi hana cha kulalia usiku.

Viatu usiviweke karibu na moto, gundi itaachia. Toa soli za ndani, jaza karatasi za gazeti, zibadilishe kabla ya kulala.

“Jiwe likilowa linateleza”

Watoto wa miamba wanajua si kweli kabisa. Njia ile ina ngazi nyingi za matale, jiwe lile lile la miamba ya Mwanza, na jiwe safi hushika soli hata likilowa. Kinachoangusha ni ukoga, majani na tope juu yake. Siku ya tatu, kutoka Phuyupatamarca hadi Wiñay Wayna, unashuka karibu mita 1,000, sehemu kubwa kwa ngazi. Kanyaga kwa soli nzima, hatua fupi, mwili ukigeukia upande kidogo. Fimbo ziongezwe urefu kidogo, na lazima ziwe na vifuniko vya mpira.

“Sina kiu, basi sihitaji maji”

Kwenye mwinuko ule unapoteza maji kwa kupumua tu. Kunywa lita 3 kwa siku, hata kama mvua inanyesha.

“Mvua ikinyesha, magofu hayana cha kuona”

Hii ndiyo inayotusikitisha zaidi. Machu Picchu ilijengwa karne ya 15 mahali penye mvua nyingi na mteremko mkali, na imesimama kwa sababu ya mifereji. Kuta zake zina matundu ya kutolea maji zaidi ya 100. Chini ya udongo wa matuta kuna kokoto, na chini ya kokoto mawe makubwa, ili maji yazame yasisukume ukuta. Fundi yeyote anayejenga kingo mlimani Isamilo huacha matundu kwa sababu hiyo hiyo. Siku ya jua yale ni mashimo tu ukutani. Siku ya mvua, chuchumaa mbele ya tundu moja: utaona maji yakitoka membamba, safi, bila chembe ya udongo.