Nyonga inayobana kwenye skwati: acha kuinyoosha

"Nyonga imekaza. Nainyoosha asubuhi na jioni, lakini haiachii." Anayewatibu wanyanyua vyuma huyasikia maneno haya mpaka anayaota, na mara nyingi msemaji ameshaongeza tatizo kwa huko kunyoosha kwake.

Weka kidole panapouma. Kama unachuchumaa na chuma mabegani, ukifika chini kitu kinabana mbele, kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo, kwa kawaida hiyo si misuli iliyofupika. Misuli ya mbele ya nyonga hulegea unaposhuka, haivutwi. Kinachobana ni shingo ya mfupa wa paja inayokutana na ukingo wa kikombe cha nyonga, na tishu za katikati zinaminywa. Wapo wenye kikombe chenye kina zaidi, wapo wenye kinundu kwenye shingo ya mfupa. Hao hugota mapema kuliko wenzao. Mlango ukigota kwenye fremu huwezi kuutibu kwa kuusukuma kwa nguvu zaidi. Sasa mtu analala chali anavuta goti mpaka kifuani, au anakunja mguu chini na kuulalia kwa kifua dakika 3, yaani anaminya palepale panapominywa. Anapata nafuu ya muda mfupi, kesho maumivu yanarudi, naye anaamini hajanyoosha vya kutosha.

Maumivu ya pembeni, juu ya ule mfupa unaoulalia ukilala ubavu, ni habari nyingine lakini kosa ni lilelile. Hapo mara nyingi zinazolalamika ni kano za misuli ya makalio. Ukivusha mguu juu ya mwenzake na kuuvuta, unazibana kano hizo kwenye mfupa. Acha hilo zoezi. Acha kusimama ukiwa umeegemea mguu mmoja, na ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti. Kisha zikaze bila kusogea: lala chali, funga mkanda kuzunguka mapaja juu kidogo ya magoti, sukuma kwenda nje kwa nguvu ya wastani sekunde 30 hadi 45, mara 4 au 5, kila siku.

Kwa anayebanwa mbele, dawa ni kubadilisha namna ya kushuka. Tafuta kwanza upana wako. Piga magoti, viganja chini, kisha sukuma makalio polepole kuelekea visigino. Anza magoti yakiwa karibu, halafu rudia ukiyapanua kidogo kidogo. Upana unaokupeleka mbali zaidi bila kubana na bila kiuno kujikunja ndio uanze nao kwenye skwati. Vidole vya miguu vitazame nje nyuzi 15 hadi 30, magoti yafuate vidole. Yule kocha anayelazimisha kila mtu aelekeze nyayo mbele moja kwa moja hajawahi kuangalia jinsi vikombe vya nyonga vinavyotofautiana.

Halafu weka benchi au sanduku nyuma yako, kwa kimo kinachokusimamisha kabla kidogo ya pale panapobana. Punguza uzito kwa theluthi hivi. Shuka kwa sekunde 3, gusa bila kujitupa, panda. Seti 3 za marudio 8, mara 2 kwa wiki, zinatosha. Nyonga ikikaa kimya wiki 2, shusha kimo sentimita 2 au 3, si zaidi. Maumivu ya 3 kati ya 10 yanavumilika mradi kesho asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakizidi hapo, rudi kimo cha nyuma. Hakuna haja ya kuanza upya, wala ya kupandisha kwa sababu ya hasira.

Jimu utasikia pia maneno kama haya. "Skwati isiyofika chini kabisa haihesabiki." Inahesabika. Wapo ambao mifupa yao haitawafikisha chini kamwe, na mapaja yao yanajengeka vizuri tu.

"Pumzika mpaka iishe." Mwezi mmoja wa kukaa unapunguza nguvu ya misuli na ustahimilivu wa kano, halafu mtu anarudi na uzito uleule wa zamani. Ondoa kinachouma, baki na kisichouma. Wengi wanaobanwa kwenye skwati wanaweza kuendelea kusukuma nyonga juu mgongo ukiwa kwenye benchi, au kunyanyua chuma kilichoinuliwa kwenye vitalu badala ya kukitoa sakafuni.

"MRI, ile picha ya ndani ya mwili, imeonyesha gegedu la ukingo wa kikombe limechanika, basi vyuma ndiyo mwisho." Mipasuko ya aina hiyo huonekana pia kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote. Anayesoma picha bila kuigusa nyonga yako amesoma nusu tu.

"Kidonge kimoja cha maumivu, diklofenaki, kabla ya tizi." Umezima kipimo pekee cha kukuambia uache, na ukitoka jasho jingi bila kunywa maji unazipa figo mzigo ambao hazikuomba.

Kuna nyonga ambazo si za kurekebishwa jimu. Maumivu yanayokuamsha usiku, kuchechemea, kushindwa kuukanyagia mguu, homa, kinena kinachouma zaidi kila unapokimbia, au nyonga inayokwama ghafla: weka chuma chini, uende hospitali. Mwenye selimundu, au aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, asisubiri hata dalili ziwe nyingi, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kufa. Eksirei ya siku za mwanzo inaweza kuonekana safi kabisa, kwa hiyo mtajie daktari ugonjwa huo au dawa hizo mapema na uulize kuhusu MRI.