Kondoo hachinjwi ili atoe sufu

Kondoo tuliowazoea wengi wetu, kama wale wekundu wa Kimaasai, wana nywele fupi na hufugwa kwa ajili ya nyama. Labda ndiyo maana watu hudhani sufu nayo hupatikana kwa kuchinja na kuchuna ngozi. Sivyo. Kondoo wa sufu hunyolewa, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, akarudi malishoni. Tena asiponyolewa ndipo anapoteseka: mwaka 2015 huko Australia, karibu na Canberra, alipatikana kondoo aliyepotea akiwa amebeba sufu ya zaidi ya kilo 40, hata kutembea kwa shida.

Visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, vina utaratibu wa kuvutia zaidi. Kondoo wa asili wa huko, majira ya joto yakianza, sufu yake hulegea yenyewe. Kwa desturi ya zamani mfugaji hashiki hata mkasi. Huing'oa kwa vidole, fungu baada ya fungu. Ya shingoni ndiyo laini kuliko zote. Wanawake wa kisiwa cha Unst waliisokota kwa mkono ikawa uzi mwembamba mno, wakafuma shali za lesi ambazo, pana vile zilivyo, hupita ndani ya pete ya ndoa.

Shali ikitoka kwenye sindano huwa imejikunja, haitamaniki. Huoshwa, ikavutwa kwenye fremu ya mbao hadi ikauke, na hapo ndipo maua yake huonekana.