Bakipresha ni nini, na ekzosi pana inasaidia wapi kwenye pikapu ya dizeli

Shemeji yangu hubeba vitunguu kutoka Naivasha hadi soko la Marikiti, Nairobi, kwa pikapu ya dizeli. Mwaka jana gari lilianza kuchoka kwenye mlima wa kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru: gia ya tatu, kisha ya pili, na malori yakimpita. Fundi wa kwanza aliyemwona kwenye gereji za Grogan aliinama, akatazama chini, akasema, "Bosi, hii bomba ni ndogo. Injini inabanwa. Tukuwekee ya inchi 3, utaruka." Alikuwa na hoja, ila alikuwa hajapima kitu.

Huko kubanwa ndiko mafundi wanakuita bakipresha: ukinzani ambao moshi hukutana nao tangu unapotoka kwenye silinda, ukapita kwenye ekzosi (bomba la moshi na viungo vyake), hadi unapofika nje. Pistoni inapopanda mara ya mwisho katika mzunguko wake, kazi yake ni kufukuza hewa iliyokwisha kuungua. Ikikuta njia wazi, inafukuza kwa nguvu kidogo. Ikikuta bomba lililobonyea au sailensa iliyojaa masizi, inatumia nguvu ambayo ingeenda kwenye magurudumu, na nguvu hiyo wewe umeilipia kwenye kituo cha mafuta. Isitoshe, moshi ulioshindwa kutoka hubaki ndani na kuchukua nafasi ya hewa safi.

Kwenye gari lenye tabo (turbo) mambo ni mazito zaidi. Hilux ya injini ya 1KD au D-Max ya 4JJ1 ina tabo yenye magurudumu mawili kwenye shafti moja: la kwanza huzungushwa na moshi, la pili hushindilia hewa injini ivute. Kinachozungusha lile la kwanza ni tofauti kati ya msukumo ulio kabla yake na ulio baada yake. Fikiria kinu cha posho cha maji: mto ukiziba upande wa chini na maji yakarudi nyuma, gurudumu hupunguza mwendo hata kama huku juu mto umefurika. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba ile kauli ya "injini lazima iwe na bakipresha kidogo" haina msingi kwa dizeli yenye tabo. Imetoka kwenye injini za petroli zisizo na tabo, ambako kipenyo na urefu wa bomba hupangwa ili pigo moja la moshi lisaidie kuvuta linalofuata. Hata huko kinachotafutwa ni kasi ya moshi, wala si kuuziba.

Nairobi nayo ina lake. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na kwenye mita 1,700 hivi msukumo wa hewa ni pungufu ya ule wa Mombasa kwa karibu asilimia 18. Dizeli isiyo na tabo, kama Hilux za zamani za injini ya 5L, huvuta hewa nyepesi na kupoteza nguvu. Hilo ekzosi haiwezi kulirudisha. Yenye tabo hujifidia kwa kuzunguka kasi zaidi. Limuru ni juu zaidi, kwa hiyo pikapu iliyobeba mzigo kwenye mlima ule inaitegemea tabo kuliko mahali pengine popote. Ekzosi iliyoziba kidogo, ambayo kwenye barabara ya Mombasa Road usingeihisi, kwenye mlima ule utaihisi.

Sasa hesabu ya bomba. Eneo la ndani hukua kwa mraba wa kipenyo. Ukitoka inchi 2 hadi 2.5 umeongeza njia kwa asilimia 56, ukitoka 2.5 hadi 3, asilimia 44 nyingine. Kwa injini ya lita 2.5 hadi 3, hizo zinatosha kabisa. Inchi 4 kwenye injini hiyo inaongeza uzito na kelele, na kelele si nguvu, ingawa sikio linadanganyika kwa urahisi.

Lakini kipenyo hakina maana kama kona ni mbovu. Nenda Kariobangi Light Industries ukatazame fundi mzuri akikunja bomba. Analijaza mchanga mkavu, anaushindilia hadi usitikisike, anaziba ncha zote mbili, kisha analipasha moto hadi liwe jekundu ndipo alivute taratibu. Mchanga unazuia kuta zisiingie ndani, na kona inabaki duara. Asiye na subira hulikunja tupu, linabonyea kama mrija wa soda uliokunjwa, na ile inchi 3 uliyolipia inakuwa 2 pale penye kona. Mimi ningelipia kona nzuri kabla ya kulipia bomba pana.

Na kabla ya yote ningepima. Kipimo chenyewe ni rahisi: tundu dogo linatobolewa kwenye bomba baada ya tabo, nati inachomelewa, na geji ya msukumo inaunganishwa kwa kipande cha bomba la shaba ili joto lisiichome. Halafu gari linaendeshwa likiwa na mzigo, mguu chini, kwenye mlima. Kupima likiwa limesimama linanguruma hakuonyeshi kitu, kwa sababu moshi unaopita ni kidogo. Msukumo ukipanda sana, unapima tena ukielekea mwisho wa bomba, baada ya kila kiungo, hadi uone pale unaposhuka ghafla. Hapo ndipo penye kizuizi.

Ikiwa geji inaonyesha msukumo mdogo tangu mwanzo, ekzosi mpya itakupa kidogo sana. Angalia kwanza chujio la hewa, mipira ya tabo iliyopasuka na nozeli zinazopuliza dizeli. Faida kubwa ambayo watu husimulia hutoka kwenye kupanga upya kompyuta ya gari ili injini imwage dizeli zaidi. Bomba pana linachosaidia hapo ni kuipunguzia tabo joto. Moshi mweusi ukitoka baada ya hapo, hiyo ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo, yaani pesa yako inapepea juu ya Waiyaki Way na watoto wa shule wanaivuta.

Hapa sina upole: usimruhusu mtu atoboe chujio la masizi (DPF) lililo kwenye ekzosi ya pikapu mpya, kisha akuambie umelipandisha gari daraja. Chujio hilo hukamata zaidi ya asilimia 90 ya masizi, kisha huyachoma lenyewe moshi ukifika nyuzi 600 hivi. Ukishinda kwenye foleni ya mjini joto hilo halifikiwi, linaziba, na bakipresha inapanda. Dawa ni safari ya nusu saa kwa mwendo wa kutulia kwenye Southern Bypass, au kulichoma kwa mashine ya gereji, kisha kutafuta kwa nini masizi ni mengi. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012. Kenya nayo ina kanuni za ubora wa hewa na za kelele, zote chini ya sheria ya mazingira.

Pikapu ya shemeji haikuwa na chujio hilo. Tulipima, na msukumo ukashuka ghafla baada ya fleksi, kile kipande cha waya wa kusukwa kinachomeza mtikisiko wa injini. Kwa nje kilikuwa kizima. Fundi alipokikata, bati la ndani lilikuwa limejikunja kama kaimati iliyokanyagwa, na tundu lililobaki halikupitisha kidole gumba. Tuliweka fleksi mpya na gasketi mbili, bomba likabaki lilelile la zamani. Wiki iliyofuata alipanda kutoka Mai Mahiu kwa gia ya nne hadi kwenye zile kona za juu, magunia yakiwa yamejaa.